Paul Robeson, Bosambo na mkasi wa mhariri

Wengi wetu tunaoifungua filamu ya Sanders of the River siku hizi hatuifuati sinema. Tunamtafuta Kenyatta. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1935, na kati ya watu weusi walioajiriwa Uingereza kujaza picha, wakivishwa mashuka na ngozi ili waonekane wenyeji wa mtoni, alikuwemo Mkikuyu mmoja aliyekuwa bado akiitwa Johnstone. Alikuwa London kutetea ardhi ya watu wake, na kodi ya chumba ilikuwa ikimsumbua. Walimpa nafasi ya chifu mdogo. Unasimamisha picha, unairudisha nyuma, unakaza macho, na muda wote huo unaipita habari kubwa iliyo mbele yake: mtu wa futi sita na inchi tatu, kifua wazi, anaimba kwa sauti inayotikisa spika ya simu, akimsifu Bwana Shauri wa Kiingereza kuwa ni mwenye nguvu, mwenye hekima, adui wa uongo.

Huyo ni Paul Robeson, na ule wimbo umemfuata mpaka kaburini na baada ya kaburi. Wapo wanaosema alidanganywa. Wapo wanaosema aliwauza Waafrika kwa makofi ya ukumbini. Kwa filamu hii moja mimi namtia hatiani, na nitasema kwa nini. Lakini ukiiangalia kazi yake yote ya sinema, kuanzia 1925 hadi 1942, kesi inakuwa ngumu kuliko wanavyotaka watetezi wake, na ngumu kuliko wanavyotaka washitaki wake pia.

Alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William, alitoroka utumwani North Carolina akiwa kijana, akaja kuwa mchungaji. Mwana alisoma Rutgers, akacheza mpira wa Kimarekani hadi akachaguliwa mara mbili, 1917 na 1918, katika kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima, kisha akahitimu sheria Columbia mwaka 1923. Uwakili haukudumu. Katika ofisi aliyoingia, katibu muhtasi wa Kizungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi, naye akaondoka. Hilo la shahada ya sheria liweke akilini, maana utetezi wake mkubwa unajikwaa papo hapo.

Sinema aliyoiingia ilikuwa changa na tayari imeoza upande mmoja. Mwaka 1915 D. W. Griffith alikuwa ametoa The Birth of a Nation, ambamo Wazungu waliojipaka weusi usoni waliigiza watu weusi wabakaji na walafi, na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha weusi, wakatokea kama waokozi. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, walipinga kwa maandamano na mahakamani, na kumbi zikaendelea kujaa. Jibu la watu weusi lilibidi litoke nje ya Hollywood, kwa watu kama Oscar Micheaux, aliyewahi kulima South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango, halafu akaanza kutengeneza na kutembeza filamu kwa mtindo huo huo. Ndiye aliyemweka Robeson mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, katika Body and Soul ya mwaka 1925, filamu isiyo na sauti. Fikiria: mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne anaingia kwenye skrini akiwa bubu.

Katika filamu hiyo anacheza watu wawili. Mmoja ni mhubiri wa uongo, mfungwa mtoro, mlevi, anayeiba akiba ya mama mmoja wa kanisani na kumharibu binti yake. Mwingine ni Sylvester, kijana mtulivu mwenye ndoto ya kuvumbua kitu. Ukizihesabu dhambi, mhubiri yule ni mbaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuchezwa na Robeson baadaye. Wadhibiti wa filamu wa New York waliikataa, na Micheaux akalazimika kuipanga upya, hata mwisho wake mambo mengi yanageuka kuwa ndoto ya yule mama. Hata hivyo hakuna anayeitaja Body and Soul anapomshitaki Robeson kwa kuwadhalilisha weusi. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu mweusi mbaya wa Micheaux anaishi mtaani na weusi wengine: wema, wapumbavu, wachoyo, wacha Mungu. Hapewi mzigo wa kuwakilisha rangi nzima. Bosambo, mtu aliyechezwa na Robeson katika Sanders, hana majirani. Mbele yake yupo Mzungu na nyuma yake upo umati.

Kabla ya Sanders ilikuja The Emperor Jones, mwaka 1933, iliyopigwa katika studio za Astoria, New York. Robeson alikuwa kinara na Mzungu Dudley Digges akawa chini yake kwenye orodha ya waigizaji, jambo ambalo Marekani ya wakati ule haikulizoea. Brutus Jones anamuua mtu, anatoroka jela, anajifanya mfalme wa kisiwa, anawatawala wenyeji kwa hila na kiburi, na anakufa msituni kwa hofu yake mwenyewe. Weusi waligawanyika. Wengine walifurahi kumwona mwenzao akiwatumikisha Wazungu kwenye skrini, wengine walichoka kuitwa majina ya matusi kwa saa nzima na zaidi. Kuna kisa cha pembeni kinachoeleza enzi ile kuliko hotuba: mwigizaji Fredi Washington alikuwa na ngozi nyeupe mno, ikahofiwa watazamaji watadhani Robeson anamkumbatia mwanamke wa Kizungu, basi akapakwa rangi ya kumfanya awe mweusi na picha zikarudiwa.

Kufikia hapo Robeson na mkewe, Eslanda, walikuwa wakiishi London. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha London cha lugha na tamaduni za Asia na Afrika, tunachokijua leo kama SOAS, akasoma fonetiki na Kiswahili. Sisi tunaozungumza lugha hii huwa tunakipita kisa hicho haraka kama jambo la kujivunia, tukisahau kuuliza alikuwa akitafuta nini. Alikuwa akitafuta ushahidi. Alilelewa katika nchi iliyomwambia kuwa babu zake hawakuwa na lugha wala muziki wala fikra, naye akaamua kwenda kwenye sarufi. Katika maandishi yake ya mwaka huo alisema wazi kwamba anataka kuwa Mwafrika, na aliziona nyimbo za watumwa wa Marekani na nyimbo za Afrika kama watoto wa mama mmoja. Sidhani kama alikuwa anaigiza katika hilo. Mtu mwenye pesa na sifa kama zake hakai darasani kuhangaika na ngeli za Kiswahili kwa kujionyesha.

Sasa mtu huyo ndiye aliyefuatwa na ndugu wawili wa Kihungari, Alexander na Zoltan Korda. Alexander alikuwa mwenye kampuni, London Films, akitamba baada ya filamu yake ya mfalme Henry VIII mwaka 1933. Zoltan alikuwa mwongozaji. Alikuwa amekaa miezi kadhaa Afrika na kamera, na alikuwa na shehena ya picha za ngoma, mitumbwi na nyimbo. Majina ya makabila yaliyotajwa kwenye filamu yanajumuisha Waacholi wa Uganda. Robeson alipoonyeshwa picha hizo na kusikilizishwa nyimbo alikubali. Hapa upande wa utetezi una haki ya kusikilizwa. Ni watu weusi wachache mno wa Marekani wa wakati ule waliokuwa wameziona picha nyingi hivyo za Afrika halisi zikiwa na sauti. Kwa mwanafunzi wa fonetiki aliyetaka kuthibitisha undugu wa nyimbo, lile lilikuwa sanduku la dhahabu. Aliamini filamu itawaonyesha watu weusi wa Harlem, New York, kwamba kwao kuna utamaduni.

Kisha picha za Zoltan zikachanganywa na kijiji kilichojengwa Shepperton, nje kidogo ya London, ambako weusi waliokuwa wakiishi Uingereza waligeuzwa watu wa mtoni. Hadithi yenyewe ni hii. Sanders, mkuu wa wilaya, anawatawala wenyeji kama mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Bosambo, mtoro wa jela aliyejifanya chifu, anakuwa kipenzi chake. Sanders anaondoka likizo, uvumi unaenea kwamba amekufa na sheria imekufa naye, mfalme Mofolaba anaanza kuua na kuteka. Bosambo anakwenda kumwokoa mkewe, anakamatwa. Sanders anarudi kwa meli na bunduki ya rasharasha, anaokoa kila mtu, anamtawaza Bosambo. Maneno ya kufungulia filamu yanawasifu Wazungu wachache wanaotawala na kulinda mamilioni ya Waafrika bila kuimbwa sifa zao. Ajabu ni kwamba dakika chache baadaye wanaimbwa, na anayeziimba ni Robeson.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba sura ya kibeberu ilipachikwa katika siku tano za mwisho za upigaji, na kwamba alipoiona filamu iliyokamilika alishtuka. Utetezi huu umerudiwa sana, na una ukweli ndani yake. Filamu hutengenezwa mara mbili, mara ya kwanza mbele ya kamera na mara ya pili chini ya mkasi. Ngoma ya Waacholi ikikatwa na kubandikwa baada ya uso wa Mzungu mwenye wasiwasi, si utamaduni tena, imekuwa hatari. Mwigizaji hayupo mkasi unapofanya kazi. Ndugu wawili hawa nao hawakuwa na mtazamo mmoja: Alexander aliipenda himaya ya Uingereza kwa mapenzi ya mgeni aliyepewa hifadhi, na Zoltan alivutwa zaidi upande wa Waafrika. Zoltan ndiye aliyekuja kwenda Afrika Kusini kuongoza Cry, the Beloved Country, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na Canada Lee na Sidney Poitier, filamu inayotazama Afrika kwa jicho tofauti kabisa. Kwa hiyo kudhani kwamba Robeson aliahidiwa filamu moja akapewa nyingine si upuuzi.

Lakini siku tano? Vitabu vya Edgar Wallace kuhusu Sanders vilikuwa vikiuzwa tangu mwaka 1911. Kila msomaji wa magazeti Uingereza alimjua Sanders, alijua anachapa viboko na ananyonga, na alijua Bosambo ni nani kwake. Jina la filamu ni la Mzungu. Wimbo wa kumsifu Sandi, kama wenyeji wa filamu wanavyomwita Sanders, haukubandikwa na mhariri usiku. Mtu aliusoma, akajifunza sauti zake, akaurudia mpaka ukakaa. Na mtu huyo ni mhitimu wa sheria wa Columbia aliyeweka sahihi kwenye mkataba usiompa neno la mwisho juu ya filamu. Wanaosema alidanganywa wanadhani wanamheshimu. Wanamfanya mjinga, na Robeson alikuwa mambo mengi, mjinga hakuwa. Mimi naamini aliuona ubeberu uliokuwemo, akaupima dhidi ya ngoma na mitumbwi, akaona ngoma zitashinda. Alikosea hesabu.

Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania umoja wa weusi duniani, aliyehamia London mwaka huo huo wa 1935, hakumpa nafasi hata hiyo. Katika jarida lake The Black Man alimshambulia Robeson kwa kutumia kipaji chake kuwadhalilisha watu wake. Garvey alikuwa na ulimi mkali kwa karibu kila mtu, kwa hiyo wengine hulipuuza neno lake. Mimi silipuuzi, kwa sababu ya jambo moja ambalo watetezi hulikwepa: Robeson hakuwa na njaa. Alikuwa mmoja wa waimbaji wa jukwaani wanaolipwa vizuri zaidi wa siku zake. Angeweza kukataa Sanders na kesho yake akajaza ukumbi. Kenyatta asingeweza. Tukimsamehe Kenyatta kwa sababu ya kodi ya nyumba, na mimi namsamehe bila shida, sababu hiyo haimwokoi aliyesimama mbele yake.

Linganisha na Lincoln Perry, aliyejiita Stepin Fetchit, Mmarekani mweusi aliyetajirika Hollywood miaka hiyo hiyo kwa kucheza mvivu anayeburuta miguu na maneno. Perry aliishi muda mrefu wa kutosha kuona jina lake likiwa tusi. Mwaka 1970 aliishitaki televisheni ya CBS kwa namna ilivyomwonyesha katika kipindi cha historia ya weusi, akashindwa. Hoja yake ilikuwa kwamba alifungua mlango ambao wengine waliupitia. Au mchukue Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa kucheza mtumishi wa ndani, na usiku wa tuzo akaketishwa meza ya pembeni. Hawa wawili waliulizwa wachague kati ya nafasi ya kijakazi na kukosa nafasi kabisa. Robeson aliulizwa swali jepesi zaidi akajibu vibaya zaidi. Najua sentensi hiyo itawaudhi wanaompenda, nami ni mmoja wao.

Na bado, itazame filamu yenyewe bila hasira kwa dakika kumi. Bosambo ana mke, Lilongo, aliyechezwa na Nina Mae McKinney, na mapenzi yao yana mzaha, wivu na upole. Wana watoto. Kuna wimbo wa kumbembeleza mtoto. Hollywood ya 1935 ilikuwa ni nadra kuonyesha mume na mke weusi wakipendana kama watu wazima. Mitumbwi ya vita iliyopigwa Afrika inapita na wapigakasia halisi, na leo ni hazina hata kama iliwekwa pale kama pambo. Mtu akiniambia kwamba bibi yake mzaa babu huenda alicheza katika ile ngoma ya Waacholi, sitamwambia asiitazame.

Tena, tusidhani kwamba kulikuwa na filamu safi mahali pengine. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 huko Vugiri, Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walipiga filamu fupi fupi za afya, kilimo na kuweka akiba benki ya posta, waigizaji wakiwa wenyeji, maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine, wakazitembeza kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hakuna ngozi ya chui pale wala mfalme anayechinja watu. Kuna mkulima mwenye shati. Lakini naye ni mwanafunzi anayefundishwa, na mkasi uko mikononi mwa wale wale.

Baada ya Sanders Robeson alijifunza haraka, na hii ndiyo sehemu ya kazi yake inayonivutia zaidi. Machi 1936 alipanda jukwaa la Westminster Theatre, London, akimwigiza Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi, katika tamthilia ya C. L. R. James kuhusu mapinduzi ya Haiti. Mwongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein alikuwa tayari amezungumza naye Moscow mwishoni mwa 1934 kuhusu filamu ya mapinduzi hayo hayo, filamu ambayo haikutengenezwa kamwe. Na kwa Song of Freedom, ya mwaka 1936, alidai na kupata kile alichokikosa kwa Korda: haki ya kuidhinisha filamu ya mwisho. Safari hii mkasi ulikuwa wake.

Alichokifanya nao kinanisumbua. Shujaa wa Song of Freedom ni Zinga, kuli wa bandari ya London mwenye sauti kubwa, anayekuwa mwimbaji wa opera na kugundua kuwa ni mzao wa watawala wa kisiwa kimoja cha Afrika Magharibi. Nusu ya kwanza ni nzuri ajabu: mtaa wa London ambamo weusi na weupe wanaishi, wanakunywa na kufanya kazi pamoja bila mtu kutoa hotuba. Kisha Zinga anarudi "nyumbani" na kukuta watu wanaotawaliwa na ushirikina na mganga, naye anawaletea dawa na maendeleo kutoka Uingereza. Mzungu ametoka kwenye picha, kazi yake imebaki, na sasa anaifanya mtu mweusi aliyevaa suti. Hapo niliacha kuamini kwamba tatizo lilikuwa mkataba tu. Robeson alikuwa na neno la mwisho, lakini hadithi ilikuwa imeandikwa na watu ambao hawakuijua Afrika, na yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake chote cha darasani, aliijua kwa picha na vitabu. Eslanda alikuwa mbele yake katika hili: mwaka huo huo wa 1936 alimchukua mtoto wao akasafiri kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, akakaa na wafugaji, akaandika alichokiona.

King Solomon's Mines na Jericho, zote za 1937, naziruka. Ya kwanza ni Sanders yenye milima. Ya pili ina mashujaa wa jangwani na mandhari ya Misri, na Robeson anaonekana anafurahia jua.

The Proud Valley, iliyotoka 1940, ndiyo aliyoipenda. Ni hadithi ya wachimba makaa wa mawe wa Wales wanaompokea baharia mweusi, David Goliath, kwanza kwa sababu ya sauti yake ya bezi katika kwaya yao, halafu kwa sababu shimoni kila mtu ni mweusi kwa vumbi. Urafiki wake na wachimba migodi wa Wales ulikuwa wa kweli, aliwahi kuandamana na kuimba nao, na inaonekana. Hapa hakuna ngozi ya mnyama, hakuna kifalme cha uongo. Kasoro ni moja na ni kubwa: mwisho wa hadithi wanaume wamenaswa chini, mmoja lazima afe ili wengine watoke, na anayekufa ni mweusi. Brutus Jones alikufa kwa hofu, David Goliath anakufa kwa upendo. Sinema ilikuwa imempandisha daraja, lakini haikuwa imejua la kumfanya akiwa hai.

Mwaka 1942 alirudi Hollywood kwa Tales of Manhattan, filamu ya hadithi kadhaa zilizounganishwa na koti moja. Katika ya mwisho, koti lenye fedha linaanguka kutoka angani, na wakulima weusi maskini wanalipokea kwa kusali na kuimba. Alitumaini ataonyesha umaskini wa wakulima wa Kusini na kwamba wangeigawana ardhi kwa ushirika. Walichokiona watazamaji ni watu weusi wa zamani wale wale, macho juu, Haleluya mdomoni. Watu walipoanza kuipinga, Robeson alijitokeza hadharani kuwaunga mkono, akatangaza kwamba hatafanya tena kazi na Hollywood. Alikuwa na miaka 44. Hakucheza tena filamu ya hadithi. Mwaka uliofuata alipanda Broadway kama Othello na tamthilia ikaonyeshwa mara 296.

Hapa ndipo washitaki wake wanapokosea. Wanasimama kwenye Sanders na kufunga faili, wakati mshitakiwa mwenyewe alikiri, akatoa hukumu, akaitumikia. Perry aliutetea uigizaji wake hadi mwisho, McDaniel pia. Robeson ni karibu peke yake, kati ya nyota weusi wa enzi ile, aliyesema hadharani kwamba filamu alizocheza zilikuwa mbaya na kwamba hazikustahili jina lake. Alikuwa na uwezo wa kifedha wa kusema hivyo, kweli. Kuwa na uwezo hakumlazimishi mtu kusema.

Na gharama ikaja. Baraza la Mambo ya Afrika, aliloshiriki kulianzisha mwaka 1937 na kuliongoza, lilipigania uhuru wa makoloni wakati Wamarekani wengi hawakujua makoloni hayo yako wapi. Kenyatta alipofungwa na Kenya ikawekwa chini ya hali ya hatari, baraza hilo lilifanya kampeni ya kuwatetea Wakenya. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson pasi yake, na hakuipata tena hadi 1958. Sababu zilikuwa nyingi, ukomunisti ukiwa mbele, lakini katika hoja zilizopelekwa mahakamani mwaka 1952, Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja pia kwamba kwa miaka mingi amekuwa mstari wa mbele kupigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Yule aliyemwimbia Sandi alizuiwa kutoka nje ya nchi yake kwa sababu ya watu wa mtoni. Kipato chake, kilichokuwa zaidi ya dola 100,000 mwaka 1947, kilishuka hadi kama dola 6,000 miaka mitano baadaye.

Kuna kitu kingine alichokifanya ambacho kwangu kinaeleza kwa nini aliipa sinema mgongo. Mwaka 1936, Hollywood, alicheza Joe katika Show Boat, kuli wa mto Mississippi, na kuimba Ol' Man River. Sehemu yenyewe ni ndogo na ya kijinga, mwanamume mvivu anayegombezwa na mkewe, lakini wimbo ule hauna mpinzani. Maneno yake ya asili yanamwonyesha mtu aliyechoka kuishi na anayeogopa kufa. Baadaye, katika matamasha, Robeson aliyageuza: mtu yule yule sasa anasema ataendelea kupigana mpaka kufa. Mtunzi wa maneno hakupendezwa, yeye akaendelea kuyaimba hivyo kwa maisha yake yote ya jukwaani. Jukwaani mwimbaji ndiye mwenye mkasi, na kila jioni anapewa upya.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na yule chifu mdogo wa Shepperton akawa kiongozi wa taifa. Siku kumi baadaye Robeson, mgonjwa na amechoka, alishuka New York baada ya miaka mitano ng'ambo, na hakurudi tena kwenye kazi ya uimbaji. Alifariki Philadelphia mwaka 1976. Ol' Man River ameuacha na maneno ya aina mbili, ya filamu na yake, na msikilizaji anaweza kuchagua. Ule wa Sandi, ndani ya filamu, una maneno yale yale ya mwaka 1935. Nimeurudisha nyuma tena jana usiku kumtafuta Kenyatta, na Robeson bado alikuwa akiuimba vizuri mno.